Fremu ya alumini au ya kaboni kwa baiskeli ya mazoezi hapa Dodoma? Naomba ushauri

Mleta uzi (Kisasa, Dodoma)

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Nina miaka 46 na kilo 84. Tangu daktari aliponieleza kwamba presha yangu imeanza kupanda, nimeamua kwenda kazini kwa baiskeli mara tatu kwa wiki, kutoka Kisasa hadi Mji wa Serikali, Mtumba. Nimepata baiskeli mbili za mazoezi zenye giya na breki za diski zinazofanana: ya fremu ya alumini ina kilo 11.2, na ya kaboni ina kilo 9.9, lakini bei yake inakaribia mara mbili. Muuzaji anasisitiza kwamba kaboni hupunguza mtikisiko, nami nina kipande cha barabara ya vumbi yenye makorongo kabla ya kufika nyumbani. Nitabeba kompyuta, nguo za kubadilisha na chakula, na kila Desemba nitakwenda nayo Singida kwa basi. Naombeni ushauri kabla sijatoa fedha.

Mwanachama, fundi baiskeli (Majengo)

Ndugu mleta uzi, tuanze na uzito, kwa sababu ndio unaouza kaboni. Wewe, mzigo wa kilo 4 na baiskeli ya alumini mnafika kilo 99.2, kwa hiyo kilo 1.3 utakazopunguza ni kama asilimia 1.3 ya uzito wote. Mlima unaokuchukua dakika 10 utaupanda kwa kuokoa takribani sekunde 8. Na ule upepo wa asubuhi unaotoka mashariki, ambao utakupiga usoni njia nzima hadi Mtumba, haujali fremu imetengenezwa kwa nini. Ukiinama kidogo na kuvaa nguo zisizopepea utapata nafuu kubwa kuliko hiyo.

Kuhusu mtikisiko, muuzaji hakudanganya. Kaboni ni nyuzi zilizopangwa kwa tabaka ndani ya gundi ngumu, na mtengenezaji anaweza kuzilaza ili fremu iwe imara pale unapokanyaga pedali na ilegee kidogo chini ya siti. Lakini tairi pana lenye upepo wa wastani humeza mtikisiko mwingi zaidi kabla haujaifikia fremu.

Ninachokuhofia ni mzigo. Fremu nyingi za kaboni hazina matundu ya kufungia keria, na ukiibana keria kwa klampu kwenye bomba la kaboni unaweza kuliponda kwa ndani bila rangi ya nje kuonyesha chochote. Hata boliti za mpini na za siti zina kipimo chake, mara nyingi karibu nyutoni mita 5, na mafundi wengi wa mtaani hatuna spana ya kupimia. Tunakaza kwa mkono tu.

Alumini nayo isikupumbaze. Huchoka taratibu kwa mitikisiko ya miaka, na ikipasuka usiipeleke kwa mchomeleaji wa geti, kwa sababu joto la kuchomelea huipunguzia nguvu na kiwandani huirudishia kwa kuipasha upya kwa utaratibu maalumu. Nafuu yake ni kwamba mara nyingi hutoa dalili. Kila mwezi futa vumbi kwa kitambaa chenye maji, kisha pitisha ukucha kwenye maungio yaliyo chini ya mpini na kwenye ekseli ya pedali. Ukiona mstari mwembamba kama unywele kwenye rangi, usiipande tena.

Mwanachama (Area D)

Naheshimu maelezo ya fundi, ila naomba kaboni isitangazwe kuwa yai. Ninayo mwaka wa nne, nimeshapita nayo barabara ya Iringa mara nyingi, na mikono haifi ganzi kama ilivyokuwa kwenye alumini ya zamani. Ila mimi sibebi mzigo, na hailali nje.

Mwanachama (Singida)

Kaka, hilo la basi ndilo lingeniamulia. Yangu ya kaboni ilishushwa kutoka kwenye buti la basi ikiwa chini ya magunia mawili. Kwa macho ilikuwa nzima. Nilipogonga bomba la juu kwa sarafu, sehemu yote ililia kwa sauti kavu, isipokuwa upana wa vidole vitatu uliotoa sauti ya ubao uliooza. Nilibonyeza pale kwa kidole gumba, pakabonyea. Hakuna fundi wa kuiziba niliyempata karibu, na mwenye basi alisema mizigo ni kwa hatari ya abiria.

Mleta uzi

Nashukuruni sana. Sikuwa nimeyafikiria kabisa magunia. Nimerudi dukani leo, nikaonyeshwa ya tatu: fremu ya alumini yenye matundu ya keria, ila uma wa mbele ni wa kaboni. Je, huo nao una hatari ileile?

Mwanachama, fundi baiskeli (Majengo)

Ichukue hiyo. Uma wa kaboni utakupunguzia mtetemo wa mikononi, na haubanwi na keria ya nyuma. Ukisafiri, toa gurudumu la mbele, weka kipande cha mbao kati ya miguu ya uma, uifunge kwa blanketi na usimame mwenyewe wakati wa kupakia. Ukianguka na uma ukapigwa, ubadilishe hata kama hauonyeshi ufa, kwa sababu ukikatika hauna onyo. Fedha inayobaki nunua tairi za milimita 38 zenye tabaka la kinga, maana kwa mbigiri za pembeni mwa barabara zetu, tairi nyembamba zitakufanya uzibe tyubu kila wiki.

Mleta uzi

Nimeelewa, fundi. Jumamosi asubuhi nitaileta hapo Majengo uikague maungio na kukaza boliti kabla sijaanza safari ya Jumatatu.