Pugu Sekondari: ukiacha Nyerere kufundisha pale, shule ina historia gani nyingine?

MamaMlezi_Ukonga
Wakuu habari za jioni. Majina ya kidato cha tano yametoka, bwana mdogo wangu (mtoto wa marehemu dada, nimemlea mimi) kapangiwa Pugu, HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza). Tangu juzi kanuna haongei na mtu, yeye akili yote ilikua Ilboru. Babu yake huku anashangilia utadhani mtoto kapata kazi Benki Kuu, anamwambia hiyo ndo shule ya Mwalimu, hiyo ndo Mtakatifu Fransisko, na kijana anamjibu babu hayo ni ya kabla hata mama hajazaliwa. Sasa nimekaa katikati sijui nimwambie nini. Wenye kuijua naomba mnisaidie, shule ilianzaje, ni ya kanisa au ya serikali, na mbali na hilo jina la Nyerere ambalo kila mtu analitaja, imefanya nini kingine cha kumfanya mtoto aende kifua mbele? Wale wa "Pugu ya zamani sio ya sasa" karibuni pia ila mje na maelezo, msiandike mstari mmoja mkasepa.

Mnadani Boy
Mi nikisikia Pugu nakumbuka mnada wa ng'ombe tu 😂 nyama bei poa mama, mtoto akifunga shule anakuja na maini

Mzee wa Stesheni
Mama kwanza hongera kwa malezi. Ngoja nikupe kwa kirefu maana watu wanaanza hadithi ya Pugu katikati.

Pale mlimani pana historia kabla hata ya shule. Mwaka 1888 walifika Wabenediktini kutoka Ujerumani wakajenga misheni yao ya kwanza hapo hapo Pugu, haikumaliza hata mwaka, Januari 1889 vita vya Abushiri vikiwa vimepamba moto pwani nzima dhidi ya Wajerumani, misheni ikavamiwa ikachomwa, wamisionari watatu wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Wabenediktini waliobaki wakahamishia nguvu mjini Dar na baadae kusini ndo unasikia Peramiho na Ndanda. Kwahiyo Pugu ni mahali pa zamani sana kwa Wakatoliki.

Shule yenyewe ni ya enzi za Mwingereza, ilikua chini ya misheni ya Katoliki na jina lake lilikua St. Francis' College. Ilikua bweni la wavulana waliochujwa toka kila kona ya nchi, enzi hizo sekondari za Waafrika unazihesabu kwa vidole, Serikali ina Tabora yake, Waanglikana wana Minaki, Wakatoliki wana St. Mary's Tabora na hiyo Pugu. Ukifika Pugu ujue umeshapita kwenye tundu la sindano. Halafu ikaja Sheria ya Elimu ya 1969, shule za misheni zikachukuliwa na Serikali, St. Francis ikawa Pugu Sekondari mpaka leo. Kwahiyo jibu la swali lako, ni ya Serikali kabisa, dini yoyote anasoma, kanisa la misheni lipo jirani ila shule haiendeshi.

Kwa mpango huo babu hajakosea na mtoto hajakosea, ila mtoto ana deni la kumsikiliza babu.

Kidumu cha Maji
Mzee wa Stesheni umeeleza vizuri ila umeruka patamu. Na kuna hili la watu kusema "Nyerere alifundisha Pugu" kama vile alipita kusalimia. Tupange miaka hapa ili huyo kijana wa HGL apate cha kuwaringia wenzake.

Nyerere karudi toka Edinburgh Oktoba 1952, Januari 1953 kafunga ndoa na Mama Maria, mwaka huo huo kaanza kazi Pugu, historia ndo somo lake. Aprili 1953 akachaguliwa rais wa TAA (chama cha Waafrika kilichotangulia TANU) pale ukumbi wa Arnautoglo Mnazi Mmoja. Julai 7, 1954 TANU inazaliwa. Sasa jiulize siku hiyo ya Saba Saba Nyerere ajira yake ilikua wapi? Pugu! Chama kilicholeta uhuru kimeundwa rais wake akiwa mwalimu wa sekondari anasahihisha madaftari, mshahara wake anautegemea kwa misheni, na vikao viko Kariakoo na Mnazi Mmoja kilomita kama 20 toka anapolala. Ile hadithi kwamba alikua anaipiga kwa mguu kutoka Pugu mpaka mjini kila mzee wa Dar anayo na kila mmoja ana toleo lake, lakini umbali ni huo huo, mwambie mtoto siku moja ajaribu kutembea toka Pugu mpaka Gongo la Mboto tu halafu atuambie.

Machi 7, 1955 kasimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kudai Tanganyika ipangiwe njia ya kujitawala. Karudi mwezi huo huo, mwajiri akamwambia achague, kufundisha au siasa. Akaandika barua ya kuacha kazi. Ana familia changa, hana mshahara, nyumba ya shule anaiacha. Mi naona hapo ndo kazi ya Pugu katika historia ya nchi hii ilipo, uamuzi ule umefanyikia kwenye nyumba ya mwalimu pale mlimani, haukufanyikia ofisini Lumumba wala ukumbini. Watu tunasherehekea Saba Saba tunasahau Machi 1955.

chaki_nyeupe
Kidumu naongezea na Mkapa. Huyu alisoma pale, kamaliza 1956 akaenda Makerere kusoma Kiingereza. Kwahiyo shule moja ina rais wa kwanza aliyefundisha na rais wa tatu aliyesoma. Wengine wanapenda kusema Mkapa ni zao la darasa la Nyerere Pugu, mi naona wanavuta kamba, Nyerere kaacha kazi Machi 1955 na Mkapa kamaliza mwaka uliofuata, muda waliokutana pale ni mfupi. Walichokuja kufanya pamoja baadae magazetini na Mambo ya Nje ndo kirefu.

Minaki Mpaka Kufa
Naona majirani mnajisifia hapa 😏 sisi tulihama Kiungani Zanzibar tukafika Minaki mwaka 1925, nyie hapo mlimani kulikua na nyani. Nyerere mlimuajiri mkamwambia achague, hayo ya kujivunia yako wapi?

Kidumu cha Maji
@Minaki Mpaka Kufa huyo alikua mwajiri sio wanafunzi 😂 na nyani bado wapo msituni wanawasalimia

Bweni la Juu
Nimesoma comment zote, heshima kwenu wakubwa, lakini mnanisikitisha kidogo. Mama kauliza mbali na Nyerere, mmejibu Nyerere, mkamaliza Nyerere mkaenda Mkapa. Mimi nimesoma Pugu A level na nikiulizwa shule ile imefanya nini cha maana simtaji mmoja kati ya hao.

Nataja wasioona. Pugu ni moja ya sekondari chache za Serikali nchini zinazopokea wavulana wasioona na wakasoma darasa moja na wanaoona, mwalimu mmoja, mtihani mmoja wa NECTA (Baraza la Mitihani) ila wao unakuja kwa nukta nundu, yale maandishi ya kupapasa kwa vidole. Watu hawalijui hili wanadhani Uhuru Mchanganyiko pale Ilala ndo mwisho, hawajiulizi wale watoto wakimaliza la saba wanaenda wapi.

Siku ya kwanza darasani nilikua sijawahi kukaa na mtu asiyeona maisha yangu yote. Mwalimu kaanza kutoa notsi, ghafla nyuma yangu nasikia kelele kama mvua ya mawe juu ya bati, nageuka nakuta jamaa wanaandika kwa mashine za Perkins. Ile mashine ina vitufe sita vya nukta na kirefu cha kuachia nafasi katikati, kila herufi unabonyeza vitufe vyake kwa mpigo mmoja, karatasi ni nene kama kadi ya harusi, na mstari ukikaribia kuisha inalia kengele ndogo ting. Wiki ya kwanza ile kengele inakukera, mpaka muhula unaisha ukiwa darasa ambalo hailii unaona kama mwalimu hajaanza kufundisha.

Sasa mashine ni chache na ni nzito na vitabu vya nukta nundu ni vikubwa mno, kitabu kimoja cha kawaida kikichapwa kwa nukta kinakua majuzuu kadhaa, na vingi havipo kabisa. Kwahiyo usiku wakati wa kujisomea utaratibu wetu ulikua anayeona anasoma kwa sauti, asiyeona anasikiliza na kuandika, halafu anakuuliza maswali. Na hapo ndo utaaibika. Unasoma ukurasa mzima wa mapinduzi ya viwanda Uingereza unadhani umeelewa, jamaa anakuuliza "sasa hapo sababu ya tatu inatofautianaje na ya kwanza?" unabaki unatumbua macho. Historia yangu nilifaulu kwa sababu ya kumsomea mtu, na sikuwa peke yangu, tulikua tunagombania kukaa na wale jamaa, usidhani ilikua sadaka. Wengi wao wameenda vyuo vikuu, kuna niliokutana nao baadae ni walimu na kuna mwanasheria, majina nayaacha sio watu wa mitandaoni.

Kwahiyo mwambie bwana mdogo akienda na HGL atakua kwenye mikondo ile ile wasioona wanakojaa zaidi, ya sanaa. Aende na sauti yake, asimezwe na aibu ya kusoma kwa nguvu.

MamaMlezi_Ukonga
Bweni la Juu umenimaliza. Nimemsomea bwana mdogo hiyo yako yote, kaacha kununa akaniuliza "hiyo mashine inapatikana wapi mtu akajifunza?" hata ya babu na Saba Saba hakuyaongelea 😅. Swali lingine wakuu, kwenye matokeo ikoje? Maana nikitafuta orodha ya shule kumi bora sioni kitu.

chaki_nyeupe
Orodha hutoipata mama, NECTA walitangaza Januari 2023 kwamba hawatangazi tena shule bora wala mwanafunzi bora, wakasema haina tija. Lakini matokeo ya kila shule yapo wazi, ingia kwenye tovuti yao chagua ACSEE (mtihani wa kidato cha sita), chagua mwaka, tafuta Pugu, angalia mchepuo wake HGL sio shule nzima. Na usilinganishe na Ilboru, Mzumbe au Kibaha, zile ni za vipaji maalumu, wanachukua cream wanaichuja tena, ni kama kushangaa Simba kamfunga timu ya mtaani. Pugu inachukua mchanganyiko. Angalia daraja la kwanza na la pili zina watu wangapi kwa miaka mitatu mfululizo, hiyo itakuambia kuliko maneno yetu hapa.

Mzee wa Stesheni
Bweni la Juu nimekuelewa, hilo la wasioona nilikua nalisikia juu juu. Sasa mambo ya vitendo kabla uzi haujahamia kwenye nyani. Kama mko Ukonga, daladala za Chanika au Kisarawe zote zinapita Pugu Kajiungeni, mshuke hapo mchukue boda, kila boda anaijua shule. Treni ya mjini ya Pugu ni nafuu ila siku ya kuripoti ana tranka, godoro, ndoo, jembe na fyekeo, utamtesa. Fomu ya kujiunga ipakueni mapema, isomeni yote, hasa ukurasa wa mahitaji, watu wananunua sare kwa kukisia Kariakoo wanafika wanaambiwa kitambaa sio chenyewe. Na boda wa Kajiungeni akiona tranka tu anataja bei ya kwenda Kisarawe, mpunguzeni.

Bweni la Juu
Na rimu za karatasi aongeze moja ya kwake, atanielewa akifika.