Jumamosi Tunamtoa Mama na Baiskeli

*Jumanne*

Mama Mkubwa 19:42
Hamjambo wote. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi tunamtoa mdogo wangu na baiskeli. Njia ni ile yake ya zamani, mpaka kule juu na kurudi. Mwenye baiskeli aje nayo, asiye nayo aje na gari tufuatane. Thibitisheni humu kabla ya kesho usiku.

Mama Mkubwa 19:43
Fulana nishazipigia hesabu. Nileteeni saizi.

Mama Mkubwa 20:31
Naona tiki za bluu tu. Mmesoma wote, hata "sawa" hakuna?

Kaka 20:40
Mimi XL

Mjomba 20:41
XL ya wapi wewe, ile ya mwaka jana ilikubana kama bandeji 😂

Kaka 20:41
Mjomba usinianze

Mama Mdogo 20:44
Za watoto zipo?

Mama Mkubwa 20:46
Jamani. Nimeuliza nani anakuja. Fulana baadaye.

Mama Mdogo 20:47
Si umesema tukuletee saizi, dada

Binamu 21:15
Shikamooni. Ndiyo kwanza natoka zamu. Mama Mkubwa, samahani, kuna aliyemuuliza daktari wake? Kemo yake ya mwisho ya saratani ina wiki sita tu. Na ile njia ina mlima, halafu ule mteremko.

Mama Mkubwa 21:17
Marahaba. Daktari alisema afanye mazoezi. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu.

Binamu 21:26
Mazoezi hayana ubishi. Mwaka 2025 yalitoka majibu ya utafiti wa wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, waliokwisha pasuliwa na kumaliza kemo, kama yeye. Kundi moja walipewa mtu wa kuwasimamia mazoezi kwa miaka 3, kundi la pili wakapewa kijitabu cha maelekezo. Ilipofika miaka 8, waliosimamiwa waliokuwa hai ni asilimia 90, wa kijitabu asilimia 83. Kwa hiyo hakuna anayemwambia akae kitandani. Ila wale kila mmoja alichagua zoezi lake na akapandishwa taratibu. Hapa tunamchagulia sisi, na tunamwanzishia mlimani.

Kaka 21:33
Haller je, yule mshambuliaji wa Ivory Coast? Julai 2022 anaambiwa ana saratani, Januari 2023 yuko uwanjani, Februari 2024 anafunga bao la ushindi fainali ya AFCON. Mama ni Haller wetu ⚽

Mjomba 21:34
Bao lenyewe alivyolinyooshea mguu! Nigeria hawajalala mpaka leo

Kaka 21:34
Mguu kidogo tu, mpira ndani 😂😂

Binamu 21:38
Kaka, ile ilikuwa saratani ya korodani, na alikuwa na madaktari wa klabu kila asubuhi. Mama ana ganzi ya vidole na nyayo. Ni ile dawa ya kemo, oksaliplatini, inaumiza neva. Na ganzi yake huweza kuendelea kuongezeka kwa miezi miwili mitatu baada ya dozi ya mwisho ndipo ianze kupungua. Si jambo la moyo mkubwa.

Mjomba 21:40
Basi achana na mpira, tuseme baiskeli. Armstrong alikutwa na saratani 1996, akashinda Tour de France 1999.

Mama Mdogo 21:41
Na 2012 akanyang'anywa mataji yote saba ya Tour.

Mama Mkubwa 21:42
Afadhali umetaja kunyang'anya. Mjomba wenu atuambie magurudumu ya baiskeli ya mdogo wangu yako wapi.

Mama Mkubwa 21:43
Mtu yuko wodini, wewe unafungua rimu.

Mjomba 21:50
Dada, hayo tuliyamaliza.

Mama Mkubwa 21:50
Uliyamaliza wewe. Mimi ndiye niliyekuwa nalala kwenye kiti siku za dripu, nikirudi nyumbani naiona fremu imening'inia peke yake.

Mama Mdogo 21:52
Na mimi nilikuwa nalala wapi, dada? Au zamu zangu hazihesabiki?

Mjomba 21:58
*Ujumbe huu umefutwa*

Kaka 22:03
Basi mimi XXL

*Jumatano*

Bibi 06:12
🎤 Ujumbe wa sauti

Mimi 07:05
Kwa walio kazini wasioweza kusikiliza, Bibi amesema hivi: "Nimesomewa yote. Huyo mnayemgombania nimemwogesha kitandani mimi, na umri wake miaka hamsini na mitatu. Nyinyi mnataka kumwona juu ya baiskeli ili mpate usingizi. Na mimi nautaka huo usingizi. Lakini mwenye mwili hakuulizwa. Asiandike mtu neno humu mpaka aandike yeye. Na wewe, mwanangu wa kwanza, nakuona unavyohangaika. Kaa chini."

Kaka 07:20
Shikamoo Bibi. Tumesikia.

Mama Mdogo 07:31
Tumesikia mama.

Mjomba 09:48
🙏

*Alhamisi*

Mama 17:26
Nawasalimu nyote. Mama, shikamoo. Nilisoma tangu Jumanne, nguvu za kujibu sikuwa nazo.

Mama 17:39
Jana jioni nilikalia baiskeli ya binti yangu pale uani, ameishika kwa nyuma. Nikaminya breki. Vidole sikuvisikia. Ilibidi niviangalie ndipo nijue kama vimekaza. Sasa nikiwa naangalia breki, njia anaiangalia nani? Mguu wa kushoto nao ulitoka kwenye pedeli, nikajua kwa kuuona chini. Halafu kile kidude cha dawa bado kipo kifuani chini ya ngozi, mkanda wa mkoba unakikwaruza. Mshono wa tumbo hauniumi, ila nimekatazwa kubeba kizito, kwa hiyo baiskeli siwezi kuipakia wala kuishusha mwenyewe.

Mama 17:47
Kupanda nataka. Nataka kuliko mnavyodhani. Ule mlio wa mnyororo ukiingia gia nzito, naukumbuka mpaka nauota. Lakini sitaki msafara. Sitaki fulana, dada, nisamehe. Sitaki kupigiwa makofi, maana nikipigiwa makofi nitaona haya kushuka. Nataka barabara tambarare, nusu saa, na mtu mmoja anayeweza kusimama nikisimama bila kuniuliza kama niko sawa.

Mama 17:51
Na magurudumu nilimpa mwenyewe. Ilikuwa wiki ile mbaya. Nilimwambia ayatoe nyumbani nisiyaone tena. Asisemwe tena na mtu.

Binamu 19:02
Mama Mkubwa, Mjomba, nasema hili kwa wote. Breki tunaweza kuzisogeza karibu na usukani ili asinyooshe vidole sana, tukipata za mafuta ni bora zaidi maana haziombi nguvu. Usukani tuuinue, tumbo lisikunjwe. Glavu nene. Viatu vya kawaida vyenye soli ngumu, asifunge mguu kwenye pedeli. Maji yakae kwenye fremu, mkoba aache. Nguo ya mikono mirefu. Mama, mtaalamu wa viungo lazima akuone kwanza, na damu utapima lini?

Mama 19:10
Kesho asubuhi.

Binamu 19:12
Basi Jumamosi bado haipo mpaka majibu yatoke. Vigandisha damu vikiwa chini, hata kuanguka kidogo tu ni kesi nyingine. Hemoglobini ikiwa chini, hiyo nusu saa itakuwa mlima kwake.

Mama Mkubwa 20:55
Mdogo wangu nimekusikia. Msafara nimefuta.

Mama Mkubwa 20:56
Ila mimi nitakuwa mwisho wa barabara na gari. Nimekaa tu.

Mama 20:58
Dada.

Mama Mkubwa 20:58
Ndani ya gari. Vioo juu. Sitashuka.

Mama Mdogo 21:01
Utashuka.

Mimi 21:04
Mama, wa kukusindikiza umemchagua nani?

Mama 21:15
Mjomba wako. Akiwa juu ya baiskeli huwa haongei.

Mjomba 21:16
Dada

Mjomba 21:19
Nipo. Saa yoyote.

Kaka 21:20
Mjomba haongei?? Tangu lini

Mama Mkubwa 21:22
Kaka, nyamaza. Wewe Mjomba, magurudumu yarudi kesho jioni, fundi ayafunge mbele yangu.

Mjomba 21:40
La nyuma ninalo, linataka spoki mbili. Nitalileta kesho.

Mama Mkubwa 21:41
Na la mbele?

Mjomba 21:55
La mbele nilimpa mtu. Nimempigia, hapokei.

Mama Mkubwa 21:55
Mtu gani?

Binamu 22:10
Mama, kesho usile chochote kizito kabla ya kutoka, nitapita kukuchukua saa moja na nusu. Na Jumamosi ikishindikana tutaanza kwa kutembea njia hiyohiyo, nusu saa, mimi na wewe.

Mama 22:14
Sawa. Ila helmeti nitavaa hata kutembea, niizoee tena.

Mama Mkubwa 22:31
Mjomba, nimekuuliza. Mtu gani?