Mtafsiri wa muvi, umetuvunjia heshima, sisi wa Ujiji hatuchekeshwi na utumwa

Wakuu, habari za usiku. Nina hasira, na asije mtu hapa kuniambia "muvi tu hiyo".

Jana nilikwenda kibanda umiza hapa Ujiji. Tuliwekewa Black Panther zote mbili, ya 2018 na ile Wakanda Forever ya 2022, kwa shilingi 1,000. Zimetafsiriwa, yaani mtafsiri anaongea juu ya sauti za muvi. Mabenchi yamejaa, joto, watoto wamekaa chini mbele kabisa.

Ikafika pale Killmonger, aliyekulia Marekani na kumpigania kiti binamu yake T'Challa, mfalme wa Wakanda (nchi ya kubuni ya Afrika), ana jeraha la kisu kifuani, wote wawili wanatazama jua likizama. T'Challa anamwambia huenda bado wanaweza kumtibu. Killmonger anakataa: atibiwe ili wamfungie ndani? Anataka azikwe baharini, pamoja na wazee wake waliojirusha kutoka melini kwa kuwa walijua kifo ni afadhali kuliko utumwa.

Mtafsiri akasema: "Haya kaka, nisalimie nyumbani." Halafu akacheka. Kibanda kizima kikaangua kicheko.

Wakuu, hapa ni Ujiji! Watu walifungwa minyororo wakaswagwa kutoka hapa, wakapita Tabora, mpaka Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,000 kwa mguu. Miembe ya njia ile bado tunakaa kwenye kivuli chake. Kama kuna watu walistahili kuyasikia maneno yale jinsi yalivyo, ni sisi. Mtoto wa dada yangu, ana miaka 11, akanivuta shati: "Mjomba, mbona yule analia?" Maana sauti inacheka na mtu kwenye kioo ana machozi. Nilimweleza tukiwa njiani kurudi, tena kwa shida, koo limenikaba.

Halafu kuna hili la lugha. Mnaolalamika humu kwamba Wakanda imewekwa huku mashariki mwa Afrika lakini Kiswahili hakisikiki, hata mimi inaniuma. Tumeambulia jina la Jabari, kabila moja la mle. Ila ile isiXhosa, lugha ya Afrika Kusini wanayoongea Wakanda, haikuokotwa jalalani. Mzee John Kani wa Afrika Kusini, aliyecheza kama mfalme T'Chaka, baba yake T'Challa, kwenye Captain America ya 2016, ndiye aliyeizungumza pale, ni lugha yake, na ikabaki kuwa lugha ya Wakanda. Mwafrika kaipenyeza lugha ya mama yake kwenye muvi ya Marekani, wewe mtafsiri unaifunika kwa matangazo ya namba yako ya simu?

Na mwisho ndio kabisa. Wakanda Forever imekatwa majina yalipoanza tu kupita. Ndiyo maana vijana wa hapa wanabishana mpaka kutaka kupigana: T'Challa kafa, ukoo umekwisha, M'Baku mkuu wa Jabari kaja kudai kiti, mfalme ni yeye. Ukoo haujaisha! Kuna kipande katikati ya yale majina. Shuri, dada yake T'Challa, yuko Haiti, Nakia, mpenzi wa T'Challa, anamletea mtoto wa kiume, anaitwa Toussaint. Kisha mtoto mwenyewe anasema jina lake lingine: T'Challa, mwana wa mfalme T'Challa. Toussaint ni jina la Louverture, yule aliyeongoza watumwa wa Haiti kupambana na wakoloni. Sasa rudi kwa Killmonger na wazee wake waliojitosa baharini, halafu mwone mtoto huyu kalelewa wapi. Mimi nadharia yangu ni hiyo, kiti kitarudi kwa aliyekulia ng'ambo ya bahari ile. Lakini nitabishana vipi na mtu ambaye mtafsiri kamkatia ushahidi?

Leo nimemfuata mwenye kibanda. Kasema flashi kaletewa hivyo hivyo, na wateja wanafurahi, tatizo liko wapi. Nimemwomba Jumamosi aweke isiyotafsiriwa, nisimame pembeni ya kioo niwaelezee watu mwenyewe, bure, angalau zile dakika za jua kuzama na kile kipande cha Haiti. Hajanijibu mpaka sasa.