Fundi anataka kuzima kinga ya kompyuta ili aweke programu iliyovunjwa leseni

Mchapishaji wa Mwembe Tayari:
Assalamu alaikum. Nina kiduka cha kuchapisha kadi za harusi na mabango, na kompyuta yangu ya kazi ndiyo hiyo hiyo ninayofungulia akaunti ya benki. Fundi ameniletea flashi yenye programu ya kuchorea iliyovunjwa leseni, lakini anasema ni lazima kwanza azime kinga ya virusi, kwa kuwa eti kinga hiyo huisingizia programu. Je, ni kweli?

Fundi wa Majengo:
Waalaikum salaam. Ni nusu ya kweli, na nusu hiyo ndiyo inayoponza watu. Kinga huweza kuipigia kelele faili ya kuvunjia leseni hata isipokuwa na jambo jingine ndani, lakini ukishaizima huna tena cha kukuonya. Mwaka 2021 wachunguzi wa usalama walikuta nakala bandia za KMSPico, inayotumiwa kuamilisha Windows na Office bila malipo, zimefichwa kirusi kiitwacho Cryptbot, ambacho huiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari huku kompyuta ikiendelea kufanya kazi kama kawaida.

Mama Kadi, Likoni:
Mimi yalinifika. Katika wiki yenye harusi tatu niliwasha kompyuta nikakuta kila picha haifunguki, imeongezwa herufi nne mwishoni mwa jina, na katika kila folda mna faili iitwayo _readme.txt, inayodai dola 980 ili nifunguliwe, au 490 nikilipa ndani ya saa 72. Diski ya akiba nilikuwa nimeiacha imechomekwa, nayo ikafungwa vilevile. Sikulipa, nilikesha nikizichora upya kadi kwa kutazama zile za majaribio nilizokuwa nimezitupa kapuni.

Fundi wa Majengo:
Pole sana, Mama. Hicho ni kirusi cha kufunga faili kwa kudai fidia kiitwacho STOP, wengine hukiita Djvu, na huenea hasa kwa njia ya programu kama hizi. Ndugu mchapishaji, programu ya kuchorea ya Inkscape haina malipo na yatosha kwa kadi. Kwa rangi za mashine ya kuchapia tumia Scribus, programu ya kupangia kurasa za kuchapisha, maana Inkscape ni dhaifu upande huo.

Mchapishaji wa Mwembe Tayari:
Nimemrudishia flashi yake, naye amenuna. Ila kazi zangu za zamani zote ni faili za CorelDRAW. Inkscape itazifungua?

Fundi wa Majengo:
Nyingi hufunguka, ingawa maandishi huweza kuhama mahali pake. Jaribu kadi moja kwanza, uilinganishe na iliyochapishwa.