Kitani, pamba, hariri au uzi wa krochei: upi kwa lesi ya vijiti?

BintiMvita (Gent, Ubelgiji)

Hamjambo wenzangu. Naomba mnishauri kabla sijaanza kujaza uzi kwenye vijiti vya lesi, ile inayosukwa kwa jozi za vijiti juu ya mto uliochomekwa pini. Mpwa wangu anaolewa Mombasa baada ya Idd, na mimi nataka kumtengenezea hankachifu ya bi harusi. Katikati ni kitambaa cheupe cha kitani, na pembeni nizungushe lesi ya Torchon, ile ya maumbo rahisi, ya upana wa vidole viwili hivi, yenye mapambo ya buibui na feni. Kwenye mchoro wangu, ile karatasi inayoonyesha pa kuchomeka pini, pini za upande ule unaoshonewa kitambaa zimeachana milimita 5.

Nyuzi ninazo nne: kitani 60/2, pamba ya Misri 60/2, uzi wa krochei wa pamba inayong'aa, na kibunda kidogo cha hariri rangi ya maziwa. Mwalimu wetu hapa anapenda kitani, wala hataki kusikia kingine. Kinachonichanganya ni kwamba kitani na pamba vyote vimeandikwa 60/2, na ukivishika havifanani hata kidogo. Kitani ni kinene, pamba ni kama unywele. Nani ananiambia ukweli, mkono au karatasi?

FundiVijiti (Leicester, Uingereza)

Dada, amini mkono. Karatasi nayo haisemi uongo, ila kila aina ya uzi ina kipimo chake. Namba ya kitani huhesabiwa kwa vifundo vya yadi 300 katika ratili moja. Ya pamba huhesabiwa kwa vifundo vya yadi 840 katika ratili moja. Hiyo "/2" maana yake ni nyuzi mbili zimesokotwa pamoja. Kwa hiyo kitani 60/2 ni 60 mara 300 gawa kwa 2, yaani yadi 9,000 kwa ratili. Pamba 60/2 ni 60 mara 840 gawa kwa 2, yaani yadi 25,200. Ratili ileile, lakini pamba imeenda mbali karibu mara tatu, kwa hiyo ni nyembamba zaidi. Ukipima kwa gramu, gramu moja ya kitani chako ina kama mita 18, na ya pamba kama mita 50.

Halafu kuna vipimo vinavyokwenda kinyume. Tex ni gramu za uzi katika mita 1,000, na denier, ambayo utaiona sana kwenye hariri, ni gramu katika mita 9,000. Huko namba ikipanda uzi unanenepa. Na namba za nyuzi za krochei ni za kiwanda, usizilinganishe na chochote.

Ndiyo maana mimi sichagui uzi kwa namba. Chukua rula, zungushia uzi wako, mizunguko ikae ubavu kwa ubavu bila kupandana na bila kuvuta sana. Zungusha sentimita 2 nzima, hesabu, gawa kwa mbili. Hiyo ndiyo mizunguko kwa sentimita. Kwa Torchon mimi hutaka mizunguko 10 hadi 12 iingie katika nafasi kati ya pini mbili za upande wa kushonea. Nafasi yako ni milimita 5, kwa hiyo unatafuta uzi wa mizunguko 20 hadi 24 kwa sentimita. Pima zote nne, utuletee majibu hapa.

MamaFuraha (Liège, Ubelgiji)

Nakubali hesabu ya FundiVijiti, lakini dada, usiache kitani. Mimi ni mtu wa Bukavu, lesi nimeifahamu hukuhuku Ubelgiji, na naona uzi huu ndio wenye adabu kuliko zote. Hauvutiki. Ukikaza jozi, inakaa pale ulipoikazia mpaka kesho. Ukitoa pini mwishoni, lesi inasimama yenyewe bila wanga. Pamba ni laini, inapendeza mkononi, lakini inalegea, na feni zako zitaanza kukunja ncha baada ya kufuliwa mara chache.

Kitu kimoja cha kuangalia: kitani kinapenda unyevu. Kikilowa kinakuwa na nguvu kuliko kikiwa kikavu, na ndiyo sababu wasokotaji wa zamani wa Flanders walikuwa wakisokota uzi mwembamba kabisa kwenye vyumba vya chini vyenye unyevunyevu. Sasa wewe uko Gent, majira haya nyumba zina hita mchana na usiku, hewa imekauka. Uzi utakakamaa na utakatika karibu na pini. Weka bakuli la maji karibu na hita, na mto wa lesi ukiuacha usiku ufunike kwa kitambaa chenye unyevu kidogo sana. Nimesema kidogo, maji yasifike kwenye pini.

Na kubali vinundu. Kitani kizuri hakikosi kinundu hapa na pale. Kikubwa kikikutokea, kisogeze kiingie kwenye mwili wa buibui, hakitaonekana.

NyuziZaThika (Thika, Kenya)

Mimi ni wa krochei, vitambaa vya makochi ndiyo kazi yangu, na lesi ya vijiti naianza tu. Naomba msiudharau uzi wetu! Ule wa krochei umesokotwa mara mbili, nyuzi ndogo kwanza halafu zikaunganishwa tena, ndiyo maana ni mviringo na mgumu kama kamba. Mchoro wa buibui unasimama vizuri sana. Na mng'ao wake haufi kwa kufuliwa, kwa sababu pamba ilipitishwa kwenye kostiki soda ikiwa imevutwa.

FundiVijiti

Hakuna anayeudharau, dada Thika. Kwa Torchon nene au lesi ya Bedfordshire ni uzi mzuri sana. Shida yake ni pale penye mshono wa kitambaa, yaani pale nyuzi zinapopita juu na chini kama nguo ya kufumwa. Uzi mviringo na mgumu haulali, unaacha vijinafasi, na lesi inakuwa na mabonde. Uzi wa nyuzi mbili usiokazwa sana unajilaza na kujaza. Kwa hankachifu ya kufutia machozi ya bi harusi ningependa uzi unaojilaza.

BiTanga (Tanga)

Salaam aleikum. Nyote mnazungumzia uzi, naomba niseme la pini, kwa sababu hii kazi inakwenda Mombasa na pwani naijua. Huku chumvi iko hewani. Pini za chuma za kawaida zinashika kutu ndani ya siku chache zikiwa zimekaa kwenye mto wa lesi, na kutu ikishaingia kwenye uzi mweupe haitoki. Tumia pini za shaba nyeupe au za chuma kisichoshika kutu. Hata wewe wa Gent, bibie, ukitumia hilo bakuli la maji la MamaFuraha, angalia pini zako kwanza.

La pili ni jasho. Sisi tunaofanya kazi kwenye joto tunanawa mikono kila baada ya muda, tunakausha kabisa. Pamba nyeupe inanyonya jasho na mafuta ya mkono haraka, na jozi unazozishika sana zinakuwa kijivu kuliko zile za pembeni. Lesi ikitoka kwenye mto unaona mistari. Ndiyo maana mimi nashika kijiti tu, uzi siugusi.

Mto wangu nimeujaza unga wa mbao ulioshindiliwa mpaka ukawa mgumu, na hauniletei shida yoyote, mradi unga uwe mkavu kabisa kabla ya kushona.

BintiMvita

Aleikum salaam, Bi Tanga, ahsante sana kwa hilo la pini. Nimezikagua, zangu ni za shaba.

Nimepima usiku huu, mara mbili kila uzi. Kitani mizunguko 22 kwa sentimita. Uzi wa krochei 17. Pamba ya Misri 37! Hariri imenitoa jasho, inateleza kwenye rula, lakini inakuja kama 30.

Kwa hiyo kitani kinaingia sawasawa: 11 katika milimita 5. Mwalimu alikuwa sahihi ingawa hakunieleza sababu. Lakini pamba ile ni nzuri mno jamani, laini, haina hata kinyweleo. Je, nikiunganisha nyuzi mbili za pamba kwenye kijiti kimoja?

SalhaK (Hamburg, Ujerumani)

Usiunganishe. Nyuzi mbili ambazo hazikusokotwa pamoja zinachezacheza kwenye kijiti, moja inalegea, moja inakaza, na kila ukisokota jozi zinajipindapinda. Kazi nzuri inaharibika kwa uvivu wa kupunguza mchoro.

Ile pamba haina vinyweleo kwa sababu imepitishwa juu ya moto kiwandani vikaungua. Ni uzi wa lesi nyembamba kama Bucks Point, yenye wavu wa tundu ndogo na uzi mnene mmoja unaozunguka maua. Ukitaka kuitumia kwenye Torchon, punguza mchoro. Gawa mizunguko ya uzi uliokusudiwa kwa mizunguko ya uzi ulio nao: 22 gawa kwa 37 ni 0.59, yaani fotokopi ya asilimia 60. Pini zako zitatoka milimita 5 ziwe milimita 3. Lesi itakuwa ya upana wa kidole kimoja badala ya viwili, na kazi itakuwa ndefu zaidi, kwa sababu mzunguko wa hankachifu ni uleule na feni zimekuwa ndogo. Uzuri wake lakini! Ningekuwa na muda mpaka Idd, ningefanya hivyo.

Na angalia vijiti vyako. Vile vya Uingereza vyenye shanga mwishoni vina uzito. Shanga zinazuia kijiti kisibiringike na zinakaza uzi, jambo jema kwa kitani 60/2. Kwa pamba ya mizunguko 37, uzito huo ukizidi unakata uzi. Vya Ubelgiji vyenye tumbo chini navyo vinatofautiana, chukua vyepesi.

MamaFuraha

Salha, mpwa anaolewa sasa, si mwaka kesho. Kitani!

SalhaK

Mama, sikatai kitani. Kwa kitambaa cha kitani ni ndugu na ndugu, vinasinyaa pamoja. Nimejibu alichouliza. Ila hata hivyo, BintiMvita, kile kitambaa cha katikati kifue na ukipige pasi kabla ya kupima urefu wa lesi. Kikisinyaa baada ya kushonwa, lesi itabaki ndefu na itafanya mawimbi pande zote nne. Hilo ni muhimu kuliko hata uchaguzi wa uzi.

FundiVijiti

Kuhusu hariri, kwa kuwa hakuna aliyeigusa. Ina historia kubwa: lesi ya Malta ya rangi ya maziwa ni ya hariri, na lesi nyeusi ya Chantilly pia. Inang'aa kuliko yote na inashika umbo. Lakini inateleza. Kile kitanzi kinachofunga uzi kwenye shingo ya kijiti, kwa hariri uzungushe mara mbili, la sivyo vijiti vitaanguka kimoja kimoja. Na mafundo ya mwisho yanafunguka yenyewe, inabidi uyashikize kwa sindano. Mizunguko 30 ni nyembamba kwa mchoro wako. Ihifadhi kwa kazi yake.

Polyester ya cherehani sijaitaja kwa makusudi. Ina mrudio: unakaza, unaachia, inarudi. Na pasi ya moto wa kitani inaweza kuiyeyusha.

BiTanga

Kweli tupu. Na kwa kitani jamani, msitie dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini. Inakula uzi. Sabuni laini, maji ya uvuguvugu, halafu ilaze juani juu ya taulo ikiwa bado na maji. Jua letu linaitosha.

BintiMvita

Nimeamua: kitani 60/2, mchoro ukae na milimita 5 zake. Nimeanza na kipande cha majaribio cha feni mbili na buibui mmoja, jozi chache tu. Mshono wa kitambaa umejaa bila kujikunja, na nilipotoa pini kimebaki bapa mezani. Nilifanya pia kimoja kwa ule uzi wa krochei bila kukuza mchoro: pini zililala upande, na kipande kilipotoka kikajikunja kama mkia wa nge. Sasa nimeelewa kwa macho yangu.

Pamba nitaitunza kwa mchoro wa asilimia 60, Salha, inshallah mtoto akizaliwa.

NyuziZaThika

Hongera dada! Sasa na mimi nisaidiwe. Nina mchoro uleule wa milimita 5, uzi wangu wa krochei nimeupima, ni mizunguko 14. Nataka lesi ya kitambaa cha meza. Nikuze kiasi gani?

SalhaK

22 gawa kwa 14 ni 1.57. Mwambie kijana wa fotokopi aweke asilimia 157. Pini zako zitaachana karibu milimita 8, na ukizidisha 0.8 kwa 14 unapata mizunguko 11, vilevile kama kitani cha BintiMvita. Ukipewa karatasi usiondoke dukani kabla hujapima kwa rula, kwa sababu mashine nyingine hujipunguzia zenyewe ili mchoro uingie kwenye karatasi. Pima nafasi kumi za pini kwa pamoja, ziwe milimita 78 au 79. Na nunua pini nene kidogo, zile nyembamba hazitauweza uzi huo.