Kutoka fiziotherapia hadi utafiti wa akili na mwili: nipitie mlango gani?

Fizio_Dom
Heshima kwenu wakuu. Nina shahada ya fiziotherapia, nahudumia watoto wenye mtindio wa ubongo. Natamani kusoma uzamili kuhusu namna mwili unavyoshiriki katika kufikiri, lakini kila ninayemuuliza ananiambia nikaanze saikolojia mwaka wa kwanza. Kuna aliyeingia huko kwa njia nyingine?

msomaji_wa_usiku
Falsafa mkuu. Merleau-Ponty, mwanafalsafa wa Ufaransa, aliandika juu ya mwili na utambuzi tangu 1945, na watafiti wa leo bado wanamrudia.

MwlSubira
Mdogo wangu, msome Esther Thelen. Nafundisha makuzi ya mtoto chuoni na huyu mama ndiye ninayempenda kuliko wote. Alisomea zoolojia huko Marekani, na moja ya tafiti zake za mwanzo ilihusu nyigu wanavyojisafisha mwili. Nyigu! Jicho hilohilo akalielekeza kwa watoto wachanga: wanavyorusha mateke, wanavyopunga mikono. Makala yake ya 1979 kuhusu watoto hao ilitoka kwenye jarida la tabia za wanyama.

Sasa jambo unalolijua kazini. Mtoto mchanga ukimshika wima, nyayo zikigusa chini, anapiga hatua. Baada ya muda hatua zinapotea. Maelezo ya zamani yalisema ubongo unakomaa na kuzizima. Lakini mlaze chali mtoto huyohuyo, anarusha mateke ya mwendo uleule. Ubongo gani unaozima hatua akiwa wima tu? Mwaka 1984 Thelen na wenzake waliingiza miguu ya watoto kwenye maji, hatua zikaongezeka. Walipowafunga vizito vidogo miguuni, zikapungua. Miguu ilikuwa inanenepa haraka kuliko misuli inavyopata nguvu, basi. Mimi naamini aliyeanzia kwenye nadharia za akili asingefikiria kuangalia unene wa mapaja.

Baadaye, akiwa Chuo Kikuu cha Indiana na mtafiti mwenzake Linda Smith, akaligusa jaribio la Piaget, yule mwanasaikolojia wa Uswisi aliyechunguza akili za watoto. Unaficha kitu mahali pamoja mara kadhaa, kisha unakihamishia pengine huku mtoto anaona. Wa miezi kama tisa bado anapeleka mkono kule kwa mwanzo. Piaget alisema dhana ya kitu, yaani kujua kwamba kitu kipo hata kikifichwa, haijakomaa. Katika utafiti wao wa 1999, mtoto aliyekuwa amekaa alisimamishwa kabla ya kitu kuhamishwa, na kosa likapungua. Kumbukumbu ya mkono ilikuwa imeshikana na mkao.

Fizio_Dom
Mwalimu, umenigusa. Nina mtoto ambaye kwenye kiti kisichomshika nyonga hachagui kabisa kati ya picha mbili. Nikimshika nyonga, anachagua. Wenzangu wanasema ni uchovu tu.

msomaji_wa_usiku
Hata mimi nafuta ushauri wa kuanza na falsafa. Utaisoma njiani.

MwlSubira
Inaweza kuwa uchovu kweli, kwa hiyo mpime asubuhi na mchana, kiti hiki na kile, kwa kupishanisha. Omba ridhaa ya wazazi na ya hospitali, rekodi video, hesabu sekunde anazochukua kuchagua. Ukimwendea msimamizi, anza na mtoto na viti viwili. Awe wa saikolojia au wa fiziotherapia, atakayekuuliza maswali mengi juu ya hivyo viti ndiye wa kumfuata.