Naomba ushauri: feritini (kipimo cha akiba ya chuma mwilini) ya mama ni 140, je, chuma kinamtosha?

Hamjambo wenzangu. Mamangu ana miaka 67, tuko Kondele, Kisumu. Moyo wake ni dhaifu mwaka wa nne sasa na dawa anameza bila kukosa, ila siku hizi akitoka tu hadi kwa choo anahema. Miguu haijavimba. Kliniki walipima hemoglobini, ikawa 12.8, wakasema damu iko sawa, tumpe tu omena na sukuma.

Sikutulia. Nimesoma kwamba mgonjwa wa moyo anaweza kupungukiwa na chuma hata hemoglobini ikiwa nzuri. Feritini chini ya 100 ni upungufu. Kati ya 100 na 299 lazima waangalie pia transferini, yaani protini inayosafirisha chuma kwenye damu, imebeba chuma kiasi gani, na chini ya asilimia 20 ni upungufu. Yake ni 140, na karatasi ya maabara imeandika “kawaida”! Hicho kipimo cha pili hawakufanya.

Nani amekifanyiwa hapa Kisumu au Eldoret, na kwa pesa ngapi? Waliowekewa chuma kwa mshipa, mlipata nafuu? Vidonge nasikia havisaidii sana wenye moyo dhaifu, na mama vilimfunga choo vibaya. Tunarudi kliniki Jumanne.